Mpuliza Vishale wa Mara

Nyani dume hapendi kukaziwa macho. Kwake huo ni uchokozi, na jibu lake ni mwayo mpana unaoanika chonge zote. Anayetaka kumpata kwa kishale cha dawa ya usingizi hana budi kwanza ajifunze kumwona bila kumtazama. Anatembea pembeni mwa kundi asubuhi, anasimama, anageukia upande wa pili, anaandika kidogo daftarini, anawaangalia majike wanaotoana chawa ambao leo hana haja nao. Mrija wa kupulizia uko mkononi. Haja yake ni paja la dume mmoja aliyeketi hatua kadhaa mbele, na paja hilo atalipata tu dume akimpa mgongo, akiwa ameshughulika na jambo jingine, na wenzake wote wakiwa hawaoni.

Hivyo ndivyo Robert Sapolsky alivyofanya kazi katika Maasai Mara, kusini magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 1978, akirudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miongo miwili. Amefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, ameandika vitabu vinavyosomwa dunia nzima, na wengi humjua kwa ufasaha wake. Mimi namheshimu zaidi kwa pumzi yake. Mambo mazito tunayoyajua leo kuhusu namna mwili unavyobeba msongo wa siku nyingi yalipatikana kwa pumzi moja iliyotolewa kwa wakati wake, na kabla ya pumzi hiyo kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo mrija ulirudi kambini bila kupulizwa.

Mwindaji anataka kupata, basi. Sapolsky alitaka kupata bila mnyama kujua kwamba anatafutwa, na sharti hilo moja ndilo lililozaa mengine yote. Alichokuwa akikitafuta ndani ya damu ni homoni zinazopanda kiumbe anapohisi hatari. Ukimkimbiza nyani, ukamtega, ukamfunga kamba, kisha ukamtoa damu, utakachopima ni hofu uliyomtia wewe mwenyewe. Kwa hiyo apigwe asubuhi tu, kwa sababu kotisoli, homoni kuu ya msongo, ina saa zake: huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, hata kwa kiumbe aliyetulia kabisa, na damu ya asubuhi hailingani na ya alasiri. Asiwe amepigana siku hiyo. Asiwe amepanda jike. Asiwe na homa wala jeraha. Asiwe karibu na mti, maana ataupanda na kuanguka dawa ikimshika, wala karibu na maji. Hasimu wake asiwe jirani, kwa kuwa nyani hawamwonei huruma dume anayeyumba. Na pasiwe na nyani mwingine anayeshuhudia, kwani hawa ni wanyama wenye kumbukumbu. Kundi likishaunganisha yule mtu na maumivu ya mwenzao, hakuna atakayemgeuzia mgongo tena.

Bunduki ya vishale isingefaa, kwa mlio wake. Mrija hauna mlio. Dume anayechomwa huruka kidogo kama aliyeumwa na mdudu, hujikuna, hukaa tena, na dakika chache baadaye anaanza kupepesuka. Hapo mpulizaji anamfuata kwa mbali, bila haraka inayoonekana, moyo wake yeye mwenyewe ukimdunda. Dume akishalala, damu ya kwanza itoke mara moja. Kisha mwili wenye kilo 25 au zaidi unafunikwa gunia na kubebwa mikononi hadi kambini, damu inazungushwa kwenye mashine ili majimaji yatengane na chembe, na sampuli zinagandishwa. Dume naye hawezi kuachiwa akiwa bado amelewa. Anawekwa salama mpaka azindukane sawasawa, ndipo arudi kwa wenzake.

Haraka ile ya damu ya kwanza inatokana na jinsi tulivyoumbwa. Hatari inapoonekana, habari hupita njia mbili. Ya kwanza ni ya neva: ndani ya sekunde chache adrenalini imekwisha kumwagwa, moyo unakwenda mbio, mirija ya mapafu inatanuka, ini linaachia sukari iingie kwenye damu, na tumbo linasimamisha kazi ya kusaga chakula, ndiyo maana hata mate hukauka mdomoni. Njia ya pili ni ya taratibu zaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari hutuma ujumbe kwa njia ya damu hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Na tezi hizo hutoa kotisoli, ambayo huchukua dakika kadhaa kupanda. Kotisoli ikishafika ya kutosha, ubongo huisoma na kusitisha amri. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika sana tunapozungumzia msongo. Mfumo huu umeumbwa uwake, na umeumbwa uzime.

Kwa hiyo damu iliyowahiwa humwonyesha dume alivyokuwa kabla ya kishale, akiwa ameketi zake kwenye majani. Damu inayotolewa baadaye, saa moja na kuendelea, humwonyesha anavyoitikia tukio lenyewe la kuchomwa na kulazwa. Napenda sana akili ya hatua hii. Usumbufu ambao mpimaji hawezi kuuepuka ameugeuza kuwa swali la pili: dume huyu akiguswa, anapanda kwa kasi gani, na anashuka kwa kasi gani?

Elimu hii ya msongo haikuanza na mikono myepesi namna hiyo. Walter Cannon wa Harvard alikuwa ameandika mwaka 1915 juu ya mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Kisha Hans Selye, huko Montreal, alikuwa akiwadunga panya dutu moja aliyotaka kuichunguza, akakuta wamepata vidonda vya tumbo na tezi za juu ya figo zimevimba. Alipowatazama panya waliodungwa maji ya chumvi tu, nao akawakuta vilevile. Inasimuliwa, na Sapolsky ni mmoja wa wasimulizi, kwamba Selye hakuwa na mkono mzuri kwa panya: waliponyoka, wakaanguka, wakafukuzwa chumba kizima. Utesaji huo ambao hakuukusudia ndio uliokuwa ukiwaumiza. Selye alikuwa na akili ya kuliona hilo badala ya kutupa matokeo, na makala yake ya 1936 ikaifungua taaluma nzima. Hata hivyo matokeo hayo yalimhusu mnyama aliyebanwa mikononi mwa binadamu. Ilibaki kazi ya kumjua mnyama asiyeguswa, anayeishi kwake, mwenye misiba yake mwenyewe.

Sapolsky aliitamani kazi hiyo tangu utotoni. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1957, na angali mwanafunzi wa sekondari alikuwa akisoma vitabu vya wataalamu wa nyani na kujifunza Kiswahili peke yake. Mtoto wa Brooklyn anajifundisha ngeli za nomino kwa ajili ya safari ambayo hakuna aliyemwahidi: huyo tayari ni mtu wa kusubiri. Alipofika Mara akiwa na miaka 21 aliwapa nyani wake majina ya Agano la Kale. Solomon ndiye aliyekuwa kinara wa kundi. Walikuwepo Sauli, Nebukadneza, Raheli, Lea, na Benjamini aliyempenda kuliko wote.

Nyani wa Mara wanafaa kwa swali hili kwa sababu inayotuuma kidogo sisi binadamu. Chakula kipo, na saa chache zinatosha kukitafuta. Simba na chui hawawasumbui sana. Sehemu kubwa ya siku inabaki bure, nao huitumia kusumbuana. Mkubwa humtimua mdogo kwenye kivuli, mdogo humgeukia jike, jike humgeukia mtoto. Hofu ya nyani mnyonge si ya njaa wala ya jino la chui; anamhofia mwenzake, na zaidi anahofia kile ambacho mwenzake anaweza kukifanya. Sifahamu mnyama wa porini anayekaribia zaidi hali ya mtu anayekwenda kazini Jumatatu akiwa na fundo tumboni.

Damu ilijibu hivi. Ngazi za ukubwa zilipokuwa zimetulia, madume wa juu walikuwa na kotisoli ya chini siku za kawaida. Wakiguswa ilipanda kwa kishindo, kisha ikashuka. Wanyonge walikuwa nayo juu wakati wote. Wakiguswa, mpando wao ulikuwa mdogo na wa kujikokota, kwa kuwa walikwisha kuwa juu. Alipowapa dawa inayofanana na kotisoli, ambayo kwa kawaida huuambia ubongo usitishe amri, miili ya wanyonge hao haikutii vizuri. Kizimio kilikuwa kimelegea. Lakini ngazi zilipovurugika na kila mmoja kumpindua mwenzake, wakubwa nao walipoteza utulivu wao. Cheo peke yake hakikumlinda mtu.

Hapo daftari lilionyesha thamani yake. Kishale hutoa tarakimu. Maana ya tarakimu inatoka kwenye saa zisizohesabika za kukaa juani na kuandika nani amemkaribia nani, nani ameondoka, nani amejikuna, nani amemgeukia mdogo baada ya kushindwa. Sapolsky na wenzake walipopekua madaftari hayo waliona kwamba madume wa cheo kilekile hawakufanana damu. Hasimu akija kuketi mita chache mbele yako huku akikutazama, hilo ni tishio. Akilala usingizi upande wa pili wa uwanda, hilo si kitu. Kuna madume waliojua tofauti hiyo, na kuna ambao shughuli zao zilivurugika kwa yote mawili sawasawa. Hawa wa pili, hata baada ya kuondoa athari ya cheo, kotisoli yao ya kawaida ilikuwa karibu mara mbili ya wale wa kwanza.

Nasoma matokeo hayo na kumrudia mpulizaji mwenyewe. Ufundi wake wote ulikuwa kupambanua: ukaaji huu ni wa utulivu, ule ni wa dume aliyekwisha kushtuka, asubuhi hii inafaa, ile haifai. Mtu asiyejua kutofautisha nyani aliyetulia na nyani anayejifanya hakuona, asingeweza kugundua kwamba utulivu wa nyani unategemea uwezo huohuo.

Na hapo ndipo wasiwasi unapovuka mpaka na kuwa maradhi. Kuogopa jambo la kuogofya ni afya. Mwanafunzi wa kidato cha nne usiku wa kuamkia mtihani, mama anayesubiri majibu ya kipimo, mwenye duka aliyepokea barua ya kodi: mioyo yao inakwenda mbio, na ina haki. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mshtuko wa kwanza ni mwili uliojifunza somo lake. Ugonjwa unaanza pale anapokwisha kuuokota ung'ongo, akaugeuza mkononi, akaona kweli ni ung'ongo, na bado mwili haushuki. Kesho yake anashtushwa na mkeka mzima, na keshokutwa na nyumba ambamo mikeka hutandikwa. Madaktari huangalia muda na upana wa jambo. Kwa vigezo vinavyotumika Marekani, wasiwasi wa jumla huhesabiwa ugonjwa ukikaa siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi sita, ukigusa mambo mengi ya maisha, mtu hawezi kuuzuia, na mwili unalipa: usingizi unakatika, misuli imekaza, uchovu hauishi, hasira ziko karibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 301 walikuwa na aina moja au nyingine ya ugonjwa wa wasiwasi mwaka 2019. Wengi wao wameambiwa wana imani haba, au wanajidekeza. Naona uchungu kila ninaposikia maneno hayo, kwa sababu msongo usiozima huacha alama mwilini: kwa wanyama zimepimwa kwenye damu, na kwenye ubongo zimeonekana kwa hadubini.

Huko Bangalore, India, watafiti waliwabana panya saa mbili kwa siku, kwa siku 10. Katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu na kuupa ubongo habari kwamba hapa ni wapi na leo ni lini, matawi ya chembe za neva yalinyauka. Katika amigdala, inayojifunza na kukumbuka hofu, matawi yaliongezeka. Panya wakapumzishwa siku 21. Hipokampasi ilirudi hali yake, amigdala haikurudi. Na nchini Kenya kwenyewe, tumbili waliofugwa katika kituo cha utafiti wakakandamizwa na wenzao mpaka wakafa, walikutwa na vidonda vya tumbo na hipokampasi zilizoharibika. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989, Sapolsky akiwa miongoni mwa waandishi. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unamwelewa yule asiyeweza kushuka. Sehemu inayopaswa kusema hili si lile imedhoofika, na sehemu inayosema hatari imenawiri. Ndiyo maana tiba inayosaidia huenda polepole: mgonjwa anasogezwa hatua kwa hatua karibu na anachokiogopa, anakaa nacho mpaka mwili ushuke wenyewe, anarudia kesho. Hofu ya zamani haifutwi. Linajengwa somo jipya juu yake, na linahitaji marudio.

Lazima niseme kwamba nyani wa Kenya wametoa pia jibu lisilolingana moja kwa moja na la Mara. Huko Amboseli, ambako nyani wanafuatiliwa tangu mwaka 1971, watafiti walichukua njia nyingine ya upole: hawamgusi mnyama hata kidogo, wanasubiri ajisaidie, wanaokota kinyesi na kupima homoni zilizomo. Mwaka 2011 walitangaza kwamba madume wanaoshika nafasi ya kwanza wana homoni za msongo nyingi kuliko wanaoshika ya pili, pengine kwa gharama ya kupigana na kulinda majike. Sioni kwamba hilo linaiangusha kazi ya Mara. Dume wa kwanza anatumia nguvu kwa jambo lililopo. Ninachokitafuta mimi ni yule anayeungua kwa jambo lisilokuwepo, na huyo ameonekana vizuri zaidi penye kishale na daftari pamoja.

Kipo kisa kimoja ambacho Sapolsky asingekiomba. Katikati ya miaka ya 1980 kundi jirani lilikuwa likila mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, na madume wakali zaidi wa kundi lake, lile aliloliita Forest, wakazoea kwenda kuyapigania. Nyama yenye kifua kikuu ikatupwa hapo. Karibu nusu ya madume wa Forest walikufa, wote wakiwa wale wa vurugu, na Sapolsky, aliyewajua kwa majina, hakuweza kuwaokoa. Waliobaki walikuwa wapole, na majike wengi. Alirudi baadaye kulichunguza kundi hilo tena, na kufikia mwaka 1993 hakukuwa na dume hata mmoja wa enzi zile. Madume wa nyani huhama kundi la kuzaliwa wakibalehe, hivyo waliokuwemo sasa walikuwa wahamiaji kutoka makundi ya kawaida ya Mara, yenye kuumana na kutimuana. Kundi bado lilikuwa la upole.

Yeye na mkewe, Lisa Share, walichapisha matokeo hayo mwaka 2004, wakililinganisha kundi la Forest na la Talek lililo jirani. Wanyonge wa Talek walikuwa na kotisoli iliyopanda, kama wanyonge wengine wote aliowapima tangu ujanani. Wanyonge wa Forest hawakuwa nayo. Wakapewa dawa inayoamsha wasiwasi. Huko Talek iliwashika wanyonge, ikawaacha wakubwa. Kwa Forest tofauti hiyo ya cheo haikuonekana. Kuhusu jinsi wahamiaji walivyobadilika, madaftari yalikuwa na jambo moja la kueleza: majike wa Forest, ambao hawakuwa wakipigwa ovyo na madume walio juu yao, walimsogelea kijana mgeni na kumtoa chawa mapema zaidi kuliko ilivyokuwa desturi ya Talek.